Jini Aliyesingiziwa

Kompyuta inaweza kunuka vumbi. Inaweza kunuka waya unaoungua, na kama imewekwa karibu na jiko la mama lishe inaweza kunuka hata vitunguu. Lakini kompyuta haina sababu yoyote ya kunuka udi, na udi ndio uliokuwa ukitoka kwenye feni ya kompyuta ya Hashiru alasiri ile, udi mzito wa chumba cha bibi harusi, mpaka mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akauliza, "Kaka, leo kuna shughuli humu?"

Hashiru alicheka, akasema ni majirani. Jirani yake upande mmoja alikuwa kinyozi na upande wa pili muuza mabati, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufukiza kitu. Mteja alipoondoka, Hashiru aliinama nyuma ya mashine akanusa, akajiinua haraka, akaenda kusimama mlangoni penye jua.

Studio yake ilikuwa Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo lori likipita vioo vya fremu hutetemeka. Alipiga picha na video za harusi, vipaimara, mahafali na maulidi. Mwenyewe alitoka Bukoba, akaoa papo hapo Visiga mtoto wa Kizaramo aitwaye Salama, wakajaliwa mtoto mmoja, Ashrafu. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwepesi wa maneno, na wepesi huo ndio uliomponza. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wa Hashiru haukuwa hata na gegedu.

Lakini tuanze na diski, maana balaa liliingilia hapo.

Aliinunua Kariakoo ikiwa imetumika, diski ya tera nne, kubwa kiasi kwamba harusi zote za Kibaha zingelala humo na kujinyoosha. Akaichomeka kwenye kompyuta yake ya siku nyingi. Kompyuta ikahesabu tera mbili, ikaishia hapo. Nusu nyingine haikuonekana kabisa, kana kwamba haikuundwa. Akamwuliza Onesmo, fundi wa kompyuta wa Maili Moja, naye akamweleza kwa upole kama anavyoelezwa mgonjwa. Diski ni nzima. Ila imepangwa kwa utaratibu wa zamani, na hesabu ya utaratibu huo inakomea kwenye tera mbili. Inabidi ibadilishwe iwe ya utaratibu mpya, ndipo kompyuta itaiona yote.

"Lakini sikiliza, kaka," Onesmo alisema. "Ukibadilisha, kila kilichomo kinafutika. Hamisha kazi za watu kwanza."

"Nimekuelewa," Hashiru alijibu. Na alielewa kweli. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba hakuwa na kisingizio cha kutojua.

Akawa anatumia ile nusu inayoonekana huku akisema nitabadilisha, nitabadilisha. Ukafika ule msimu wa kabla ya Ramadhani, watu wanapooana kama wanaokimbizwa, na nusu ile ikajaa hadi shingoni. Akaazima kwa Onesmo diski ndogo, akaanza kuhamisha kazi. Ziliingia zote isipokuwa mbili, na nafasi iliyobaki ilitosha moja tu. Ya kwanza ilikuwa mahafali ya chekechea ya mtoto wa mkandarasi mmoja wa hapo Visiga, mtu ambaye simu yake ikilia unasimama kuipokea. Ya pili ilikuwa harusi ya Faudhia, binti wa Bi Mwanamvua, mjane mchoma mkaa wa Masaki, kule Kisarawe.

Angeweza kungoja kesho akaazime diski nyingine. Lakini mkandarasi alikuwa ameshapiga, anataka kazi yake siku ileile. Hashiru hakuwaza hata muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Akawahamisha watoto wa chekechea na makofia yao ya karatasi. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika, maana yaliyobaki yatapotea yote, naye akabonyeza ndiyo. Diski ikaonekana nzima, tera nne zake, nyeupe kama uwanja uliofagiliwa.

Ndugu yangu, kufuta harusi ya watu ni kosa, lakini ni kosa la kuombewa radhi. Ungekwenda, ungeinamisha kichwa, ungetukanwa, ungerudi nyumbani na usingizi wako. Hashiru hakutaka kutukanwa.

Bi Mwanamvua alipokuja kuchukua kazi yake alifuatana na mkwewe Latifu, kijana muuza vipuri vya pikipiki wa Kisarawe mjini, na mjomba wa Latifu, Mzee Mwinjuma. Hashiru alikuwa ameshajiandaa. Kwenye memori kadi ya kamera ya pili kilikuwa kimebaki kipande kimoja kifupi, Faudhia akitolewa chumbani na somo yake. Angewapa hicho na ukweli wake. Badala yake alikaa nacho asubuhi nzima akiupaka ukungu uso wa yule binti, picha kwa picha, mpaka macho na mdomo vikavurugika, huku nyuso za wengine zote zikibaki safi. Alifanya hivyo kwa sababu moja. Aliyefuta harusi ya watu huitwa mzembe, lakini aliyeonewa na jini hupewa pole.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," aliwaambia kwa sauti ya chini. "Nyingine zote zimejifuta zenyewe. Hii imebaki, lakini tazameni. Somo yupo, mashangazi wapo, bibi harusi uso hana. Mimi mtu wa mashine, ila hii si kazi ya mashine. Huyu ni jini mahaba. Hataki mkewe aonekane akienda kwa mwanamume mwingine."

Bi Mwanamvua akashika kifua. Mzee Mwinjuma akasema, "Rudisha nyuma tuone tena," akatazama tena, akaangalia pembeni akimtafuta mpwa wake kwa macho. Latifu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Walipoaga, yule mama alimshika Hashiru mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu, yenye weusi wa mkaa kwenye mikunjo, akamwambia, "Pole, baba. Na wewe kazi yako imekuharibikia."

Mwezi wa Ramadhani haujaandama, Faudhia alikuwa amesharudishwa Masaki na mabegi yake.

Salama ndiye aliyeleta habari, wakila. "Yule bibi harusi wako wa Masaki kaachwa. Wanasema ana jini mahaba, kaonekana kwenye video. Kule kwao hata kikombe wamemtengea chake, wanaogopa kuchangia."

Hashiru akaendelea kula. Ugali wenyewe ulikuwa laini, lakini aliutafuna kama nyama ya ng'ombe mzee, akamwomba Salama maji, akatoka nje akijifanya anaongea na simu. Hakusema kitu siku ile, wala iliyofuata. Alijiambia kwamba ndoa ile ingevunjika tu, kwamba mwanamume anayeacha mke kwa sababu ya picha si mwanamume. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hayakumsaidia.

Baada ya hapo ndipo udi ulipoanza.

Kilichofuata ni nafasi. Diski aliyoiacha tupu ilianza kujaa bila yeye kuweka kitu. Asubuhi akiwasha, nafasi imepungua. Akitoka kuswali adhuhuri akirudi, imepungua tena, na iliacha kupungua pale tu ilipomezwa nusu nzima, sawasawa na ile nusu ambayo zamani ilikuwa haionekani. Onesmo akaja akatafuta virusi, hakukuta. Akashika feni akanusa vidole vyake, akasema ana mteja anamsubiri, akaondoka bila kumaliza soda.

Kisha zikaja sauti. Hashiru alikuwa amevaa spika za masikioni, anaunganisha harusi ya watu wa Mlandizi, na chini kabisa ya tarumbeta akasikia mwanamke mmoja akiimba polepole wimbo wa kumtoa mwali. Akasimamisha video. Tarumbeta zikanyamaza, mwanamke akaendelea. Akavua spika, akaziweka mezani, akakaa mbali nazo, na bado alimsikia akiimba mle ndani kwa furaha ya mtu anayefua nguo akijua hakuna anayemsikiliza. Aliitambua kuwa ni sauti ya Faudhia, kwa kuwa alikuwa ameirekodi yeye mwenyewe siku ya harusi.

Siku ya Alhamisi, jua likielekea kuzama, folda isiyo na jina ikajitokeza kwenye kioo. Ndani yake kulikuwa na video moja, na tarehe yake ilikuwa ya siku ileile. Mtu mwenye akili angezima mashine. Lakini mwenye hatia hutaka kujua kiasi cha hatia yake, hivyo Hashiru akaifungua.

Aliona chumba cha udongo, dirisha dogo, kitanda cha kamba. Faudhia alikuwa ameketi kwenye mkeka, kajifunga kitambaa cheusi kichwani na hirizi shingoni, amekonda. Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu, ili mtu asikosee akakinywea. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukasukuma sahani ya mihogo, mlango ukafungwa. Hakuna aliyeingia. Hashiru akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Kisha Faudhia akageuka akaitazama kamera. Akasema neno, akanyamaza kama mtu anayengoja jibu, akacheka huku akiziba mdomo kwa kanga, na ndipo Hashiru alipogundua kwamba picha ile haikuwa imetulia, kwamba ilikuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka taratibu, kama inavyopanda na kushuka kichwa cha mtu aliyekaa akipumua, kwamba hapakuwa na kamera yoyote katika chumba kile bali macho, macho ya mtu aliyeketi kwenye mkeka huohuo bega kwa bega na binti yule, na binti yule alikuwa akiyatazama macho hayo kwa namna ambayo hakumtazama Latifu hata siku ya harusi, na Hashiru alijua hilo kwa hakika kwa kuwa harusi ile yeye ndiye aliyeirekodi na yeye ndiye aliyeifuta.

Umeme ukakatika.

Kioo kikazima. Feni ikasimama. Redio ya kinyozi ikanyamaza katikati ya tangazo, na Visiga nzima ikatoa ile sauti yake ya "aaa" ya watu waliozoea. Betri ya akiba ya Hashiru ilikuwa imekufa zamani. Hata hivyo diski iliendelea kuzunguka. Aliisikia ndani ya boksi lake, inanguruma polepole, inakwaruza, inatulia, inakwaruza tena kama mtu anayesafisha koo, na udi ukajaa studio yote, na kutoka kwenye spika zisizokuwa na umeme, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya heshima, ya mgeni aliyekuja kwa wema, mtu akasema:

"Bwana shahidi, habari za jioni?"

Hashiru akazigeuza spika zitazame ukuta.

"Nimekuja kushukuru. Mimi nilikuwa nakaa zangu Magindu, kwenye vichaka vya wafugaji, sina habari na mtu. Ukanitaja. Ukasema mbele ya mama yake na mbele ya mumewe kwamba yule ni mke wangu. Nikasema, lo, kumbe nimeoa. Nikaenda kumtazama."

"Nilidanganya," Hashiru alinong'ona. "Ulikuwa uongo."

"Najua. Ila hukumu umeshaitoa. Mtu akihukumiwa kwa wizi ambao hakuufanya, si bora akaibe?"

"Mwache yule mtoto. Nakuomba. Chukua mashine. Nichukue mimi."

"Wewe wa nini?" sauti ikauliza, na haikuwa na kejeli, ilitaka kujua kweli. "Nikitoka kwake napumzika humu, kwenye ile nusu uliyokuwa huioni. Sisi siku zote nusu yetu ni hiyo. Nisalimie mama Ashrafu."

Taa zikawaka. Redio ya kinyozi ikaendelea na tangazo lake. Hashiru alichomoa diski, akaifunga kwenye fulana, akafunga studio, akaenda nyumbani kwa miguu huku akiepuka watu.

Salama alimwona tu mlangoni, akamtuma Ashrafu kwa bibi yake. Wakakaa jikoni, wakinong'ona ingawa nyumba ilikuwa tupu, na Hashiru akamweleza yote, mahafali, ukungu, pole ya Bi Mwanamvua, mgeni wa Magindu. Salama alisikiliza mkono ukiwa kwenye shavu. Hashiru alipofika kwenye salamu za yule mgeni, mkewe alisogeza kigoda chake nyuma.

"Baba Ashrafu," alisema, "kwetu mtoto akivunja chungu, akisema kavunja jini, anachapwa kwa maneno yale kabla hajachapwa kwa chungu. Hukuwahi kuona?"

"Niliona. Nilidhani ni utani wenu."

"Jini hasingiziwi. Ukimtaja kwa kosa ambalo hakulifanya, umempa ruhusa alifanye. Hata mlevi wa kwetu analijua hilo." Akafuta macho. Hashiru alidhani analia kwa hofu, kumbe ni hasira. "Na si jini linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba ulikula chakula changu, nikakwambia mtoto wa watu kaachwa, ukaniomba maji."

Hashiru alilala sebuleni, bila kuambiwa.

Kesho yake alipitia Kiluvya hadi Kisarawe mjini, akapanda bodaboda kwenda Masaki, diski ikiwa kifuani ndani ya shati. Kwa Bi Mwanamvua kulikuwa na magunia ya mkaa yamepangwa ukutani na pikipiki imeegeshwa kivulini. Mwenye pikipiki alikuwa Hemedi, mtu wa makamo mwenye kaptula ya jinzi na kofia ngumu kwapani. Abiria walimjua kama dereva, na wenye shida walimjua kama fundi wa madogoli, ile ngoma ya kupungia majini.

"Shikamoo, mama," Hashiru alisema.

"Marahaba, baba. Karibu. Hata sikutegemea." Bi Mwanamvua alimletea kiti kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Hilo likamvunja kabisa. Alipiga magoti kwenye mavumbi na kiti kikiwa kitupu nyuma yake, akasema yote. Alisema kwa pupa, akichanganya mwanzo na mwisho, mpaka Hemedi akamwambia arudie taratibu.

Alipomaliza, Bi Mwanamvua hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa. "Kwa hiyo uso wa mwanangu uliufuta wewe," alisema. "Kwa mkono wako. Nami nikakupa pole."

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko bado, baba."

Hashiru akatoa diski, akamkabidhi Hemedi, akataka ichomwe, izikwe, itupwe mtoni. Hemedi aliipima kwa kiganja, akamrudishia. "Hiki chuma hakina kosa. Huyu bwana nyumba yake ni maneno yako. Nimempunga binti tangu mfungo, ngoma zimepasuka, hatoki, na sasa nimejua kwa nini. Hakuja mwenyewe. Aliozwa. Ndoa haivunjwi kwa ngoma. Aliyemwoza amkane mbele za watu walewale, na aliyeozwa aseme simtaki. Hapo ataondoka, hana haki tena."

"Basi ni rahisi," Hashiru alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akavuta pumzi hadi chini.

Hemedi akawasha pikipiki kwenda kumfuata Mzee Mwinjuma.

Baada ya alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Majirani walikuja, na wale waliotenga vikombe walikuja pia, wakasimama mbali. Mzee Mwinjuma alipewa kigoda. Latifu hakuja. Alikuwa ameshaposa kwingine, na mjomba wake alilisema hilo akitazama mkongojo. Faudhia akatolewa chumbani, akaketi kwenye mkeka katikati, akakunja miguu kwa adabu. Alikuwa mzuri. Hashiru alikuwa amelisahau hilo, maana kwa muda mrefu hakuukumbuka uso wake ila kwa jinsi alivyouharibu.

Akasimama mbele yao akasema. "Mimi Hashiru wa Visiga nilifuta harusi ya huyu dada kwa uzembe wangu. Uso wake niliuharibu mimi ili niaminike. Hakukuwa na jini. Nilimsingizia jini, na nilimsingizia huyu. Yeye ni msafi. Naikana ile kauli yangu." Mwanamke mmoja akatema mate karibu na kiatu chake. Mwingine akasema, "Mshenzi mkubwa wewe." Mzee Mwinjuma alijiinua nusu, akakaa tena, uso umemshuka. Hashiru aliyapokea yote, na kila tusi lilimpunguzia mzigo kidogo, kama gunia linalovuja.

Hemedi akachuchumaa mbele ya Faudhia. "Umesikia, mwanangu. Upande wake umekwisha. Sasa sema neno lako moja tu, simtaki. Sema, twende zetu tukale."

Mikorosho iliyozunguka nyumba ikaacha kuyumba, na kuku waliokuwa wakiparua karibu na mkeka wakaondoka mmoja mmoja, bila mbio.

"Nisemee nani?" Faudhia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugonjwa wowote. "Mlisema ninaye, nikawaambia sina. Nililia hapa hapa nikiwaambia sina. Mkanitengea kikombe. Mkanisukumia chakula kama paka. Dada Jenifa, tulikuwa tunasuka pamoja, ukawa ukiniona unavuka njia. Latifu alinijua tangu shule, akaniacha kwa picha. Nikabaki mle ndani peke yangu. Akaja mtu akakaa, akaniuliza kwa nini nalia."

"Mwanangu, huyo si mtu," mama yake alisema.

"Najua si mtu, mama. Ila ndiye aliyekaa."

"Dada," Hashiru alisema. "Nimeshakana. Sasa wanajua huna kosa. Umekuwa huru."

Faudhia alimtazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na chuki, na Hashiru angetoa chochote awe nayo. "Kaka, wewe umekuja kujifungua wewe. Sawa, umefunguka, nenda salama. Lakini mimi mnataka nimfukuze aliyenipenda, ili nibaki na nani? Na hawa?" Akawaangalia watu uwanja mzima, taratibu, na kila aliyeangaliwa aliinamisha macho. "Simwachi," akasema. "Andikeni hivyo. Namtaka."

Kanga yake ilikuwa imeteleza begani alipokuwa akizungumza. Wote waliokuwa pale waliona, na hakuna aliyelikana baadaye, jinsi pindo la kanga lilivyoinuka lenyewe pasipo upepo, likapanda mgongoni polepole, likamfunika bega vizuri, likatulizwa na kupapaswa, kama anavyofunikwa mke anayependwa jioni ya baridi, naye Faudhia akainamisha shavu upande ule pasipokuwa na mtu, akafumba macho, akatabasamu. Watu walitawanyika kwa kishindo, vigoda vikapinduka, Mzee Mwinjuma akasahau mkongojo wake. Hemedi alivaa kofia yake ngumu. Alisema kwamba ndoa ya hiari hana ngoma yake.

Hashiru alibaki. Alisubiri mpaka binti akarudi chumbani, akasikia mlango ukifungwa na mazungumzo ya sauti za chini yakianza mle ndani, sauti moja ya mwanamke na kimya kinachosikiliza. Akanusa diski ndani ya shati lake. Ilinuka chuma. Alijua kwamba akiichomeka ataikuta tupu, na kwamba hatasumbuliwa tena na mtu wala jini, na alijua pia kwamba hakuna adhabu iliyomtisha kama hiyo ya kuachwa salama.

Bi Mwanamvua alimsindikiza hadi kwenye njia ya bodaboda, maana mgeni ni mgeni. Hashiru alikuwa anaandaa maneno. Angesema atamtafuta fundi mwingine, atakwenda Bagamoyo, hata Tanga, hatapumzika mpaka jini lile litoke.

"Mama," alianza, "nakuapia nitamtafutia mtu wa kumwondoa."

Yule mama akasimama. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama siku ile ya studio, na macho yake yalikuwa na hofu ambayo Hashiru hakuwa ameiona hata uwanjani.

"Usithubutu, baba," alinong'ona, akigeuka kutazama nyumba. "Ameshaachwa mara moja. Na huyu naye akimwacha, mimi nitamwambia nini?"